Njiwa wa Baba na Dhoruba ya Jua

Michelbeke,
10 Septemba 2000.

Mpendwa Baba Mdogo Remi,

Nakuamkia kwa heshima. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na Mama Mdogo Yvonne, kifua kimempa nafuu? Huku tu wazima. Mvua za Agosti zimeozesha viazi, ila njaa hatujalala, na Baba bado anaidai nyama yake ya kupikwa kwa bia kila Jumamosi.

Uliniuliza kwenye simu mbona Baba hataji tena njiwa. Sikuweza kukueleza, alikuwa amekaa karibu nami. Ndiyo maana nakuandikia.

Katikati ya Julai alipeleka njiwa kumi na wanne kushindana kuruka kurudi nyumbani kutoka mji wa mbali wa Limoges, wote wa kizazi cha ile jozi uliyomwachia ulipohamia Kanada. Firmin, jirani yetu, alikwenda na lori la chama cha wafuga njiwa, maana ndiye mwenye kuwafungulia. Ijumaa redio ikatangaza kwamba jua limelipuka, na kwamba upepo wake, ule unaovuma huko juu siku zote bila sisi kuuhisi, unakuja kwa kasi zaidi ya mara mbili ya kawaida. Walisema utaitikisa sumaku ya dunia. Nawe unajua njiwa wanavyoitegemea sumaku hiyo kujua kwao ni wapi, hasa mawingu yakitanda.

Asubuhi ya Jumamosi Baba alimpigia Firmin simu, akamsihi angoje hadi kesho yake. Firmin alisema ndege wamebanana matengani tangu juzi, joto ni kali, na wenye ndege wengine wanamfokea. Kisha akamtania, "Achiel, njiwa hawasomi magazeti." Baba akacheka kidogo, akamwambia afanye aonavyo.

Walifunguliwa saa nne, mawingu yalipopungua. Alasiri dhoruba ikaifikia dunia, wao wakiwa bado njiani. Tulikaa uani tukitazama kusini hadi shingo zikauma. Giza liliingia akiwa amefika mmoja. Jumapili akaja wa pili, amechoka hata kuruka hadi kwenye ubao wa mlango wa banda hawezi. Basi. Kijiji kizima kilipoteza ndege. Hakuna awezaye kuapa kwamba ni jua peke yake, lakini hasara ya namna ile hatujapata kuiona.

Jumatatu Firmin alikuja, kofia mkononi, hajui aanzie wapi. Baba hakumkaribisha hata kahawa. Alimwambia, "Utarudi hapa siku ndege wangu watakaporudi." Firmin akavaa kofia yake akaenda zake. Watu waliosimamiana harusi, Baba Mdogo!

Nilimkumbusha Baba kwamba yeye mwenyewe aliruhusu. Akasema anajua, na ndiyo sababu hawezi kumtazama Firmin usoni. Nikadhani watapatana tu, labda siku ya sikukuu ya kijiji, glasi moja ya bia ingetosha. Nafasi hiyo hawakuipata. Mwanzoni mwa Agosti Firmin alipatwa na kiharusi, akaanguka bustanini kwake.

Baba alikwenda hospitalini kumwomba radhi. Akamkuta Firmin hakumbuki ugomvi wowote, wala safari ya Limoges. Kilichombakia kichwani ni kwamba kuna ndege hawajafika. Sasa amerudishwa nyumbani, na kila Jumapili Baba huenda kukaa naye. Firmin humwuliza, kwa ulimi mzito, "Achiel, ndege wako wamefika?"

Baba humjibu, "Wamefika, Firmin. Wote."

Mara ya kwanza alirudi akajifungia bandani mpaka chakula kikapoa. Aliniambia kwamba radhi aliyokwenda kuiomba sasa haina wa kuitoa, kwa kuwa aliyekosewa hajui kwamba alikosewa. Nilikwenda kumpashia chakula.

Alma, mke wa Firmin, anasema mumewe hulitaja jina lako mara kwa mara. Najua angefurahi kusikia sauti yako. Ukimpigia simu, naye akakuuliza habari za ndege, tafadhali umjibu kama Baba anavyomjibu.

Mpe salamu Mama Mdogo Yvonne, na ndugu zangu Hilde na Lieven. Mama anawasalimu nyote, na Baba pia, ingawa hajui nimeandika. Mungu awatunze huko ugenini, atukutanishe tungali tunakumbukana.

Mimi binti yako, nikupendaye siku zote,
Godelieve