Mgawo Sawa wa Shamba la Terrat

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, ikarudi tena jioni hii. Mlima Meru haujaonekana siku nzima.

Swali ambalo nimehangaika nalo kwa miaka mingi ni hili: ardhi inapopanda thamani bila mwenye nayo kunyanyua jembe, ongezeko hilo ni la nani?

Nimelifundisha darasani, nimeliandikia tasnifu, nimelijadili na wenzangu mpaka wameanza kunikwepa saa ya chai. Jibu langu halijabadilika. Barabara ikipita kando ya kiwanja, thamani inayoongezeka haikuletwa na mwenye kiwanja. Imeletwa na wote waliochangia barabara hiyo, na wote wanaoishi na kuchuuza karibu nayo. Basi ongezeko hilo litozwe kodi kila mwaka, na kinachokusanywa kirudi kwa watu wote, kila mmoja kiasi kilekile, bila kumuuliza kama ana kazi au hana, kama ameolewa au ameachika, kama jina lake limo kwenye hati au halimo. Hicho ndicho kipato cha msingi kwa wote ninavyokielewa mimi. Mtu hapigi magoti kukiomba. Ni sehemu yake ya kitu ambacho tumekitengeneza pamoja.

Leo hoja yangu imeshinda, katika ua wa nyumba yetu wenyewe.

Sijawahi kurudi kutoka Terrat nikiwa na moyo mzito namna hii.

Niieleze taratibu, maana nimegundua kwamba nikikimbilia hitimisho huwa naruka watu. Shamba la marehemu baba lipo Terrat, mbele kidogo ya Kwa Mrombo. Nilipokuwa mtoto tulihesabika kuwa nje ya mji: mahindi, maharage, zizi la ng'ombe, na njia ya vumbi ambayo magari yaliiogopa. Baba alipofariki, shamba lilibaki kwa kaka yangu Lomayani, kama ilivyo kwetu Waarusha. Upande wa mbele, unaotazama barabara, anaishi Shangazi Naserian, dada yake baba. Alirudi kutoka kwenye ndoa akiwa na mtoto mmoja mgongoni, Lazaro, na baba akamwonyesha mahali pa kujenga na mistari ya kulima. Kwetu, binti aliyerudi hupewa pa kula. Pa kumiliki hapewi. Maadamu baba alikuwa hai, tofauti hiyo haikumsumbua mtu.

Lazaro alifariki akiwa kijana. Amezikwa hatua chache kutoka mlango wa mama yake. Kaburi limesakafiwa kwa saruji, na shangazi hulifagia kila anapofagia uwanja, kwa ufagio uleule, kana kwamba ni chumba kimojawapo cha nyumba.

Wapimaji wa urasimishaji wa ardhi walipofika mtaani, ndugu zangu walisita. Mimi ndiye niliyewashawishi. Niliwaambia kwamba ardhi isiyopimwa haina mtetezi, kwamba siku moja mtu atakuja na karatasi nao hawatakuwa na karatasi. Walinisikiliza kwa sababu nimesoma. Hati ikatoka kwa jina la Lomayani peke yake. Sikuuliza jina la shangazi lingeandikwa wapi. Niliandika sura nzima ya tasnifu kuhusu wanawake na umiliki wa ardhi, na siku ile sikuuliza. Nilikuwa nimefurahi mno kuiona hati.

Kisha ikaja lami.

Lomayani alikuwa amejenga vyumba vinne vya kupanga karibu na barabara. Katika kimoja anaishi Mama Brayani, mwanamke wa Kilimanjaro anayeuza nyanya sokoni Kwa Mrombo. Mwezi uleule lami ilipokauka, pango lake lilipanda. Chumba hakikupakwa rangi, bati halikubadilishwa, bomba ni lilelile la nje. Siku moja aliniita nikiwa napita.

"Aisee mwalimu, njoo unisaidie hesabu. Ile lami imewekwa kwa kodi zetu sote, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mbona imemnenepesha kaka yako peke yake?"

Alicheka mpaka nyanya zikayumba kwenye beseni. Sijawahi kupata mwanafunzi aliyeifupisha hoja yangu vizuri kiasi hicho. Nilipomweleza habari ya kipato cha kila mtu, aliniuliza jambo moja tu: "Na mpangaji naye yumo?" Nikamhakikishia kwamba yumo, kwamba yeye ndiye hasa anayekusudiwa.

Hati ilipotoka, zikaanza kuja pia tozo za ardhi za kila mwaka, na kwa kuwa sasa tupo kando ya lami, si tozo za shamba la mahindi tena. Wanafunzi wangu wangeniambia kwamba hili ndilo nililolitaka. Si kweli kabisa. Tumepata nusu ya kwanza ya wazo langu, ile ya kukusanya. Ile nusu ya kumrudishia kila mtu hatujaiona. Lakini sina hakika kama ninayo haki ya kujitetea hivyo. Mwenye jembe na mbuzi sita hailipi tozo kwa thamani ya ardhi. Anailipa kwa fedha, na fedha haioti kando ya lami.

Leo baada ya ibada, Lomayani akatuita uani. Walikuwepo baba wadogo wawili, shangazi na mimi. Tuliketi kwenye mabenchi tuliyoyafuta maji kwa kanga kuukuu, chai ya maziwa ikapita. Nikamwamkia shangazi kwa Kimaa, "Takwenya," akaitikia, "Iko," akanipisha pembeni yake.

Lomayani alisema amepata mnunuzi wa nusu ya mbele. Mtu huyo atajenga maduka na vyumba vya wanafunzi. Atahamisha kaburi kwa gharama zake, kwa heshima zote, mchungaji akiwepo. Nusu ya nyuma itabaki, na tozo zake zitabebeka. Kaka yangu si mtu mbaya; alikuwa anaongea huku akiitazama chai yake. Akamalizia kwa kunigeukia.

"Dada, msomi wetu ni wewe. Tuambie kama tunakosea."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema sitapinga kuuza, kwa sababu kipande kile kinaweza kuwapa watu wengi makazi na kazi, na nimekuwa nikisema hivyo kuhusu viwanja vya watu wengine. Lakini bei ya kipande kile haikutokana na jasho la Lomayani. Kwa hiyo fedha isiwe yake. Igawanywe sawasawa kwa kila anayeishi katika shamba lile, mwanamume na mwanamke, mwenye jina kwenye hati na asiye na jina. Shangazi apate sawa na Lomayani. Wapangaji nao wapate chochote.

Baba mdogo, yule mkubwa, akacheka kwa sauti. "Huyu binti! Tukimwacha, hata mbuzi watafunguliwa akaunti."

"Mpangaji ni mpangaji, dada," Lomayani akasema. "Hapo umezidisha."

Sehemu ya wapangaji niliiachia upesi. Niliona kwamba nikiishikilia nitaikosa ya shangazi, na nikamwacha Mama Brayani njiani bila kugeuka nyuma. Nilirudi kwenye haki ya shangazi kwa nguvu zote. Nilizungumza vizuri, nasema hivyo bila kujivuna, maana ndilo kosa lenyewe.

Wakati nikiendelea kueleza, shangazi aliinuka. Alikwenda mpaka kwenye ua wa miti, akainama, akang'oa nyasi zilizolowa mvua, akarudi akasimama mbele yetu akiwa amezishika kwa mkono wa kulia usawa wa kifua.

Asiyezaliwa kwetu angedhani mwanamke mzima amechuma majani ya mbuzi. Sisi tunajua. Mwenye kushika nyasi mbichi ameomba amani, ameomba asikilizwe, na anayemwona hunyamaza, hata kama alikuwa na fimbo juu. Nikiwa na miaka minane niliwaona wanaume wawili wakishusha fimbo kwa sababu ya konzi moja ya nyasi mkononi mwa bibi kizee ambaye hakutamka neno.

Baba mdogo alivua kofia. Lomayani akaweka kikombe chini.

Mimi nilimwona. Ningependa kuandika hapa kwamba sikumwona. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu kwa nini mgawo lazima uwe sawa bila kumpima mtu anastahili kiasi gani, nikajiambia nimalizie tu hiyo. Nikaimalizia. Ikadai nyingine ya kuifafanua, nikaisema na hiyo. Hakuna aliyenikatiza, nadhani kwa sababu nilikuwa namtetea yeye, na nani angemnyamazisha mtetezi wake?

Nilipofika mwisho, Lomayani alipumua kwa nguvu. "Haya. Shangazi atapata sawa na sisi. Kanisani watatucheka, lakini sawa." Baba wadogo wakapiga makofi. Kwa kweli lilikuwa jambo kubwa. Sijui ukoo mwingine uliowahi kumgawia binti aliyerudi nyumbani sehemu iliyo sawa na ya mwanamume.

Nilipomtazama shangazi, mkono wake ulikuwa umeshuka. Aliziachia nyasi, akajifuta kiganja kwenye kitenge, akaketi.

Nilimfuata nyumbani kwake baadaye. Alikuwa anafunika mahindi kwa turubai kwa kuwa wingu lilikuwa linarudi. Tulishika pembe mbili mbili na kuliwekea mawe.

"Shangazi, kuna jambo ulitaka kusema."

"Umesema vizuri, mwanangu. Wote tumekusikia."

"Ulishika nyasi."

Alitazama uwanja kama mtu anayekagua kazi. "Mwaka huu nyasi zipo nyingi," akasema. Kisha, alipoona sijaondoka, akaniuliza, "Hivyo vyumba vya kupanga huko mjini, Elerai, wanamruhusu mtu kukaa na mbuzi?"

Nilisema nitaulizia.

Nipo mezani kwangu sasa, na bado naamini nilichokisema. Hilo ndilo linalonitatiza. Nikirudi nyuma hatua kwa hatua, sioni mahali ambapo hesabu iliharibika. Utani wa Mama Brayani kuhusu lami bado ni kweli tupu. Kumpa shangazi sehemu sawa ni haki kuliko kumwacha aendelee kuishi kwa hisani ya mpwa wake. Anayelitetea wazo hili huwa na jibu la haraka kwa wajane na wazee: tozo zao zisubiri, zikatwe siku ardhi itakapouzwa au mwenyewe atakapokufa. Niliwahi kumweleza shangazi jambo hilo. Akanijibu, "Kwa hiyo watakuwa wanapita kuniuliza hali yangu kila mwaka?" Tukacheka sana. Leo sioni cha kuchekesha.

Nimekuwa nikidhani kwamba nikimpa kila mtu kiasi kilekile nimemtendea kila mtu sawa. Lakini mgawo wa Lomayani utamnunulia kitu ambacho hana. Mgawo wa shangazi unalipia kitu alichokuwa nacho kila asubuhi anaposhika ufagio. Je, ni jambo lilelile? Labda ni huzuni ya siku moja, na mwakani, akiwa na chumba chake chenye jina lake na fedha ya kula bila kuomba, atashukuru. Inawezekana. Wapo wengi waliohama wakashukuru. Au labda zipo aina za ardhi ambazo hazipaswi kabisa kuingia katika hesabu yangu; lakini nikifungua mlango huo, kila mwenye kiwanja atachimba kaburi langoni.

Sijui hata alitaka kuomba nini. Labda tusiuze kabisa. Labda tuuze, ila kaburi la Lazaro lizungushiwe ukuta na libaki. Huenda alitaka kumwombea Mama Brayani na wapangaji wenzake, maana ndio majirani zake wa kila siku, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaacha. Huenda alitaka tu kutubariki.

Mauziano yatasainiwa Jumatano, ofisi ya serikali ya mtaa. Naweza kwenda kesho nikamuuliza tena, na nitakwenda. Lakini namfahamu, atanipa kiti na maziwa, na atanijibu kwa adabu. Nyasi huwezi kumwambia mtu akazing'oe upya kwa kuwa sasa una nafasi ya kusikiliza.

Kwa hiyo swali langu limebaki bila jibu, na safari hii siwezi kusingizia upungufu wa takwimu. Aliyekuwa na sehemu ya jibu alisimama mbele yangu mchana huu, mkono kifuani, akisubiri. Mimi nilikuwa bado sijamaliza sentensi.