Migomba ya Mama Ndani ya Simu

Kaka Deo,

Barua hii naiweka hadharani, pale pale unapoweka video zako, kwa sababu simu zangu hupokei na ujumbe wangu unausoma ukanyamaza. Wale wafuasi wako wanaosubiri uwaambie wacheze gemu gani wiki hii wataisoma pia. Waisome. Nina hasira na sina haja ya kuificha.

Unaikumbuka simu yetu ya kwanza, ile yenye ufa pembeni aliyotuachia baba mdogo? Uliigawa kama maji ya mfongo, ule mfereji unaonywesha mashamba yetu kwa zamu: zamu yako, zamu yangu, na mwenye zamu haingiliwi. Tulikuwa tunakaa chini ya kichanja cha kahawa nyumbani Kibosho, vichwa vimegusana. Nafasi ndani ya ile simu ilitosha gemu moja tu, kwa hiyo hiyo moja ilibidi iwe imestahili. Ulikuwa mkali kuliko katekista. Kwanza unazima bando. Gemu ikigoma kufunguka, nje. Ikikurushia tangazo kabla hujavuta pumzi, nje. Ikikununia kwa sababu jana hukuicheza, nje upesi zaidi.

"Gemu nzuri inakuacha uende ukakate majani ya ng'ombe," uliniambia, "na ukirudi unaikuta vile vile." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikayashika maneno hayo pamoja na sala zangu za kipaimara.

Ile ya mfinyanzi anayetafuta udongo wa kila rangi tuliicheza likizo nzima. Ilikuwa na mwisho wa kweli. Yule mama alipanga vyungu vyake, akafunga mlango, basi. Wewe ukasema aliyeitengeneza hakuwa na haraka. Mpaka leo sijasikia sifa nzuri kuliko hiyo.

Ulipoanza ukurasa wako huko Dar, nilijivuna. Kwenye kibanda changu cha vitenge huku mjini Pasua, wateja waliona video zako hata kama walikuja kuulizia kanga. Ulikuwa unachambua gemu kama tulivyochambua kahawa, mbovu kando, nzima kwenye debe. Watu walikuamini kwa sababu ulikuwa umecheza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.

Halafu ukaleta ile ya shamba la migomba. Ulisema ni tulivu, imetengenezwa vizuri, hata mama yako ungempa. Mama akaisikia sauti yako, akaniomba nimwekee. Hapo nami nina kosa langu: sikuzima bando, sikuijaribu, kwa kuwa ilikuwa imetoka kwako.

Deo, unajua inavyofanya? Usipomwagilia kwa saa zake, migomba inanyauka mbele ya macho yako na katoto kamoja humo ndani ya gemu kanalia. Ukitaka maji, sharti kwanza utazame tangazo. Mama yetu wa rozari sasa anaujua wimbo wa tangazo la kamari kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi ningeifuta siku ya kwanza. Lakini mama amelelewa kwenye mfongo. Kwake mtu anayeacha zamu ya maji ipite huku mgomba wake una kiu ni mtu wa kuhurumiwa. Basi simu ikilia, anaitika. Anatoka kanisani kabla ya baraka. Mtori wa ndizi umeungua jikoni mara ngapi sijui.

Mwezi uliopita nilipanda mlimani nyumbani nikakuta zamu yetu ya maji imefika, na mama amekaa kizingitini anamwagilia simu. Migomba ya upande wa ua imejikunja majani. Jirani yetu Mama Aneti ndiye aliyeingia na jembe akatufungulia maji, kwa huruma, jambo ambalo tangu nizaliwe sijaliona kwenye kihamba chetu, shamba hili la ukoo. Nilimfokea mama. Naona aibu, lakini nilimfokea. Akanitazama kama mtu asiyeelewa kosa lake.

"Hii ni ya Deo," akasema. "Ananiona nikimwagilia."

Alidhani ni shamba lako, kaka. Wewe ndiye uliyelileta, kwa sauti yako, na Desemba mbili zimepita hujapanda nyumbani. Akaona basi, mwanangu amenipa shamba lake nimtunzie, na huko aliko analitazama.

Siku hiyo nilikupigia, ukapokea. Nikakuuliza uliicheza siku ngapi kabla ya kuisifia. Ukacheka. Ukaniambia hukuwahi hata kuifungua, wenye gemu walikutumia maneno ukayasoma. Tangu hapo hupokei tena.

Gemu mbovu hazikuanza leo. Tulizitupa nyingi, tena tukicheka. Kinachonichoma ni wewe. Wewe uliyenifundisha kwamba kitu hakisifiwi mpaka kimekwisha mkononi. Na ujue gemu nzuri bado zipo. Wiki iliyopita nimepata moja, ndogo, ya kuziba mitumbwi iliyotoboka. Haina tangazo, inafunguka bila bando, inaniacha niende zangu kuhudumia wateja. Niliimaliza nikainua kichwa kutafuta wa kumwambia. Ulikuwa wewe tu, na nilichukia kwamba ulikuwa wewe tu.

Nimejaribu kuifuta ile ya mama. Aliishika simu kwa mikono miwili. Jumapili tukitoka misa akaniuliza kama umeiona migomba ilivyostawi. Nikamwambia umeiona, na umefurahi. Uongo huo nimekusemea mara moja, Deo, mlangoni mwa kanisa. Sitarudia.

Akiniuliza tena, nitampa namba yako akuulize mwenyewe. Au upande nyumbani ukae pale kizingitini, umweleze kwamba shamba lile si lako na kwamba hukuwa unamwona. Mimi sikufungulii maji. Zamu ni yako, na mwenye zamu haingiliwi.

Ubaki salama huko,

Mdogo wako, uliyekuwa unampa zamu ya pili