Pengo Alilotuachia Zefania Kwenye Ua wa Minyaa

Kwa marehemu Zefania Alute wa Mungaa, aliyefariki Oktoba 1951

Baba Lea, mwaka umetimia tangu ututoke, na mimi bado nina hasira na wewe.

Lea ndiye anayeandika, mimi nasema. Amenikumbusha kwamba kumbukumbu za watu gazetini huanza kwa maneno mazuri, marehemu alikuwa mpole, alikuwa mcha Mungu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Maneno mazuri yapo, yatafika zamu yake.

Mpole ulikuwa, hilo Mungaa nzima inalijua. Nani hapa hajalima kwa mpini uliouchonga wewe? Walikuja asubuhi na majembe yao yaliyovunjika, wakakukuta umekaa na tezo, umevaa lile koti la vita ulilorudi nalo kutoka Burma, jua linawaka nawe umefunga vifungo vyote. Ulichonga mpini, ukaupima kwenye mkono wa mwenyewe, ukampa aende zake. Mimi nilinung'unika kwamba majembe ya watu wote yana mipini isipokuwa la mkeo. Ulicheka, na kesho yake nikalikuta langu limetiwa mpini mpya, laini, hauchubui kiganja. Ninalo mpaka leo.

Na ng'ombe wako ulikuwa ukiwaita kwa majina, hata wale wabaya wa tabia. Watoto hukuwapiga. Mlenda wangu ulikula hata siku nilipouharibu, ukasema ni mzuri, nami nikajua unadanganya, nikafurahi. Haya, Lea, hayo ndiyo maneno mazuri. Sasa andika haya mengine.

Ulikuwa mtu wa maneno machache, na ugomvi wangu na wewe unaanzia hapo.

Mwaka jana, mavuno yalipokwisha kuingia ndani, ulihamisha zizi. Lilikuwa nyuma ya nyumba tangu unioe, na samadi imelala humo miaka yote. Ukajenga zizi jipya kule mteremkoni, mbali na nyumba. Ulikuwa unakohoa tayari, ukasema ni vumbi tu. Mimi sikukataa. Zizi huhamishwa, na kila mkulima wa huku anajua mtama unavyolipenda zizi la zamani. Lakini hukuishia hapo. Ulianza kukata vijiti vya minyaa na kuvipanda kuzunguka zizi lile la zamani, ukauvuta ua wa nyumba yetu mpaka ukalimeza zizi zima. Mlangoni pa jiko langu! Inzi wakahamia kwenye vyungu vyangu kana kwamba wameitwa.

Nilikuuliza, "Baba Lea, mtu mzima anapandia ua mavi ya ng'ombe?"

Ukasema, "Subiri, Mama Lea."

"Nisubiri nini? Lala upone kwanza. Minyaa haikimbii."

Ulikohoa, ukachukua panga, ukaenda kukata vijiti vingine. Siku nyingine utomvu mkali wa minyaa ukakuingia jichoni, jicho likavimba likafumba kabisa. Nilikuosha kwa maziwa huku nakufokea, na majirani walinisikia mpaka kisimani. Ulinishika mkono tu, halafu ukainuka na jicho moja ukaenda kupanda tena. Nilidhani ni ukaidi wa wanaume. Ningejuaje?

Ulianguka ukiwa na kijiti mkononi. Tulikubeba ndani, na hukutoka tena mpaka ulipotolewa na watu. Ua ukabaki na pengo moja, upana wa mlango.

Sasa wasomaji wenye kusoma haya nao waelewe, kwa sababu si wote wa ukoo wenu. Kwenu, mwanaume akifa, kilichomo ndani ya ua wa nyumba ni cha mama na watoto wake. Kilichoko nje ya ua, ng'ombe na mashamba ya mbugani, hurudi kwa ndugu zake. Mjane naye, akiwa na ardhi ya kumlisha ndani ya ua wake, haondolewi. Akiwa hana, anahamia kwa ndugu wa marehemu, yeye na watoto, akale huko na atumikie huko. Haya ulizaliwa nayo. Mimi niliolewa nayo, na sikuwahi kuyafikiria, kwa sababu nilikuwa na mume.

Matanga hayajaisha, ndugu yako Nathanaeli akaja na wazee. Tulikuwa bado tunawapikia waombolezaji, wengine wao sijui hata walikuwa wanamlilia nani, maana walilia vizuri zaidi baada ya kushiba. Nathanaeli alikaa kwenye kigoda chako. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Nyumba haikai bila mwanaume. Utahamia kwangu na watoto."

Kwake nakujua. Mkewe Luciana anaamka kabla ya jogoo na kulala baada ya mbwa. Mimi ningekuwa chini yake, na wanangu chini ya wanawe, Lea atolewe shule ya misheni akachunge mbuzi. Baba Lea, hukuwa na mwezi kaburini na tayari nilikuwa nagawanywa pamoja na ng'ombe.

Mzee Mughenyi, mkubwa wa wazee wale, akauliza, "Huyu mama ana mahali pa kulima ndani ya ua wake?"

Nilijua sina, ila kiraka cha mboga. Ndipo yule mzee akazunguka nyuma ya nyumba, akaona zizi la zamani, akaona minyaa imelizunguka. Akainama, akachota samadi kwa mkono, akaisugua, akainusa. Akasema, "Hapa panalisha watu."

Hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa unafanya.

Lakini Nathanaeli ana macho. "Mzee, tazama," akasema. "Ua huu haukufungwa. Pengo hilo hapo. Marehemu hakumaliza. Zizi hili liko nje."

Wazee wakatazama pengo. Mmoja akakuna kichwa, mwingine akasema ni kweli, ua wenye pengo si ua. Nikaona jinsi wanavyoanza kukubaliana, na mimi mwanamke, mgeni wa ukoo, sina kauli mahali pale. Nikakulaani, Baba Lea. Upana wa mlango tu! Ungepumzika siku chache ukapata nguvu, ungeumaliza. Au ungeniambia, ningevipanda mimi vijiti vile kwa mikono hii, ningevipanda hata usiku.

Mama yako alikuwa ameketi jikoni. Mama Sijaona, ambaye kwa miguu ile ya uvimbe hawezi kwenda hata kanisani. Alitoka na kigoda chake mkononi, taratibu, anashika ukuta, anapumzika, anatembea tena. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alifika kwenye pengo, akaweka kigoda katikati, akaketi, akanyoosha miguu yake kutoka kijiti hiki mpaka kijiti kile.

"Mnasema ua una pengo," akasema. "Mimi silioni. Anayeliona apite."

Kila mtu akasimama pale pale. Kupita hapo ilikuwa ni kumvuka mama, na hakuna mwana wa Mungaa atakayevuka miguu ya mama aliyemzaa mbele ya wazee. Nathanaeli alisema, "Mama, inuka."

"Nimeketi na mwanangu," akajibu. "Wewe uliye hai una miguu. Pita."

Hakupita. Alitazama chini. Mzee Mughenyi akakohoa, akasema, "Ua umefungwa." Ikawa ndiyo hukumu.

Ng'ombe waliondoka siku ile ile. Sitasema uongo gazetini kwamba nilikubali kwa moyo. Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, uliyemwita Nyota, aligeuka njiani kurudi, wakampiga fimbo. Mwanao Kefa alilia mpaka akatapika. Nathanaeli, kama unasomewa haya, ujue nakumbuka ile fimbo. Ng'ombe ni wako kwa desturi, sawa. Fimbo ilikuwa ya nini?

Jioni nilimpelekea mama uji pale pale, maana alikataa kuinuka mpaka giza liingie. Nikamwamkia, nikapiga magoti.

"Mama, ulijua?"

"Alinieleza."

"Mimi mkewe hakunieleza. Mimi nimemtukana kila siku, nimempigia kelele akiwa mgonjwa. Kwa nini hakuniambia?"

Alikunywa uji kwanza. "Angekuambia anazungusha ua, ungemuuliza kwa nini mwaka huu. Angekujibu nini, mwanangu?"

Ungenijibu kwamba unakufa. Uliona ni afadhali nikufokee kila asubuhi nikidhani utapona, kuliko nikae nawe kimya nikijua. Uliniamulia. Na ndiyo maana nina hasira, kwa sababu nilitaka ile miezi, Baba Lea. Ilikuwa yangu pia. Ningekaa nawe juani nishike vijiti, tungepanda wote, tungelia wote, ungeniambia mambo ambayo sasa hakuna wa kuniambia. Uliniachia shamba ukachukua kwaheri.

Mvua ziliponyesha tulilima zizi la zamani, mimi na watoto. Katikati, samadi ilikuwa kali mno, mtama ukaungua ukawa wa njano, nikasema basi, hata hili umenidanganya. Lakini pembeni kote ulisimama ukampita Lea kimo, na maboga yakatambaa mpaka yakapanda juu ya ua wako. Tulikula. Tuliweka ghalani. Hakuna aliyetuhamisha.

Siku ya shukrani ya mavuno, mwalimu wa kanisa aliwaita wajane wasimame watoe shukrani. Wengine walisimama. Mimi nilikaa na boga mapajani. Mwalimu akaita mara ya pili, watu wakageuka, mama mmoja akanigusa begani. Sikusimama. Kama ningefungua mdomo siku ile, yasingekuwa maneno ya kanisani.

Mama Sijaona alikuwa amebaki nyumbani. Tulipomsimulia alichukua kigoda, akaenda kuketi kwenye pengo. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, kila mara mtu akisikika njiani. Lakini juzi nilimkuta amelala pale, kichwa kimeangukia kifuani, nikadhani nimempoteza naye. Alikuwa amechoka tu. Nilimwinua, nikamlaza ndani, nikachukua panga lako.

Nimepanda vijiti vya mwisho, Baba Lea. Pengo halipo. Utomvu uliniingia jichoni, hili hili la kulia kama lako, na hakukuwa na mtu wa kuniosha huku akinifokea. Nilikaa chini kwenye mtaro wa vijiti, jicho linawaka, nikakutukana kwa sauti mpaka nikaishiwa. Baada ya hapo nikabaki na neno moja tu, lile nililolikataa kanisani.

Asante.

Lea, liandike vizuri, lisomeke.

Unakumbukwa na mama yako Sijaona, aliyeufunga ua wako kwa miguu yake. Na wanao Lea na Kefa. Na kila mwenye jembe hapa Mungaa. Ndugu yako Nathanaeli hakuomba atajwe, nimemtaja mwenyewe, maana ni damu yako, na mtama wa kumpa akija na njaa upo. Aje na Nyota, watoto wamwone.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Dorika, siku zote, kwa hasira na kwa shukrani. Zikiisha zote mbili, ujue nakuja.