Nafasi ya Maelezo

Valea Mierlei, 4 Mei 2019

Mdogo wangu Ruxandra,

Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Torino, wewe, shemeji na watoto. Sisi tunaendelea, miti ya plamu imemaliza maua, na mama anakohoa kidogo tu. Bado anagombana na jirani kuhusu maegesho, ingawa hana gari. Hajui kwamba nakuandikia.

Ofisini tunahama tena. Unakumbuka mwaka 1998, nilipoajiriwa idara ya ustawi wa watoto na kupewa kazi ya kuingiza kadi za vituo vya yatima kwenye kompyuta? Kadi elfu kumi na moja, tangu enzi za chama cha kikomunisti. Sasa ile programu ya zamani inazimwa, na rejista za mikoa yote zinaunganishwa kuwa hifadhidata moja Bukareshti. Vijana wa huko wamenisifu kwamba data zangu ni safi, hazina takataka.

Takataka wanazozisema ni maelezo. Chini ya kila kadi walezi walikuwa wakiandika kwa penseli: huyu anaogopa mbwa, huyu jina lake halisi ni jingine, huyu ana ndugu kituo cha pili. Bi Paraschiva, mtunza kumbukumbu, aliposikia siingizi mistari ile alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"We Costin, hiyo mashine yako inakula majina tu? Na mambo ya watu unayatia wapi, mfukoni?"

Nikamjibu mbele ya wote kwamba programu haina nafasi, na kwamba penseli zimepitwa na wakati, aende nyumbani akafuge kuku. Watu wakacheka. Kadi zikapelekwa kiwanda cha karatasi, na hati ya kuziteketeza nilitia sahihi mimi.

Mwezi uliopita alikuja dereva mmoja wa lori, Sandu Chiriac, akimtafuta pacha wake. Nikamsomea yaliyomo: jina, tarehe ya kuzaliwa, ya kuingia, ya kutoka. Akauliza pacha wake alipotoka alipelekwa wapi. Nikasema haikuandikwa. Akaniambia kwa upole kwamba iliandikwa, mlezi wao alimwonyesha kadi akiwa mdogo.

"Angalia tena, bosi. Labda iko chini."

Nikajifanya naangalia. Akaomba radhi kwa kunisumbua, akaondoka na kofia yake mkononi.

Ruxandra, mama alikuchukua kituoni ukiwa na miaka miwili, na sote tuliambiwa huna mtu. Kadi yako ilinifikia siku yangu ya tatu kazini. Chini iliandikwa: "Mama yake yu hai. Amekuja mara nne kumwulizia. Anaomba habari." Kisha anwani ya Tecuci, ambayo sijaisahau hadi leo. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mmegombana na mama wiki nzima, unasema utaondoka usirudi. Niliogopa ungepata pa kwenda.

Nafasi ya maelezo ilikuwepo kwenye programu. Niliiondoa mimi. Niliiondoa kwa watoto wote, kwa sababu ingekosekana kwako peke yako mtu angeuliza. Nilimdhalilisha Bi Paraschiva kwa uongo, na amekufa akiuamini. Pacha wa Sandu nimempoteza mimi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tecuci. Anaitwa Veta Dumbravă, ana miaka sitini hivi, anauza miche ya nyanya mlangoni kwake. Nilinunua kumi na miwili. Aliniambia nisiimwagilie jua likiwa kali, "itaungua, mwanangu," kama anavyomwambia kila mteja, nadhani. Sikujitaja. Si haki yangu kumwambia kabla yako.

Anwani yake ni Mtaa wa Teilor, namba 31. Hajahama. Jumatatu nitamweleza mkuu wangu kila kitu, halafu nitamtafuta Sandu nimwambie usoni. Mama yetu hakujua kamwe. Ukikasirika, unikasirikie mimi.

Wasalimie watoto na shemeji. Sijui kama bado unanitaka kuwa kaka yako, kwa hiyo natia jina tu.

Costin