Maji Moto wa Mama Somoe

Jumanne, 10 Juni 1975
Barua mbili asubuhi, nakala tatu kila moja. Karatasi ya kaboni imechakaa. Mchana nimekagua palizi katika shamba la mikorosho la kijiji. Watu hawafiki shinani. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanawadondokea shingoni. Mimi waliniingia ndani ya suruali. Niliruka mbele ya wanawake wote. Mama Somoe, jirani yangu, alicheka hadi akakaa chini. "Mwacheni karani, anatuonyesha ngoma ya kwao Masasi!" Aibu.

Katibu Kata anataka sababu ya palizi kuchelewa. Nimeandika: maji moto. Nikaongeza pendekezo, viota vyote vikatwe na kuchomwa. Hakuniomba pendekezo. Nilitaka anione nina akili.

Jumatatu, 16 Juni
Pendekezo limekuwa amri. Katibu amelisoma kama lake. Nimefurahi, kisha nikaogopa.

Viota vimechomwa kutwa kwa mienge ya nyasi. Mama Somoe amekataa kuchoma kwenye mikorosho yake, ile ya nyuma ya nyumba. Anasema hao ni askari wake, tena hawadai posho. Amewafungia kamba za katani kutoka mti hadi mti, wapite bila kushuka chini. Watu wamecheka. Katibu hakucheka.

Jumatano, 25 Juni
Msumbiji huru. Ngoma tangu alfajiri. Wakimbizi wanakumbatiana na kulia.

Miaka yote ya vita tumefundishwa kumtazama mara mbili mtu anayefanya jambo lisiloeleweka. Vita imekwisha ng'ambo ya Ruvuma. Kutazamana hakujaisha.

Ijumaa, 1 Agosti
Machipukizi ya shamba la kijiji yamekauka. Meusi, kama yaliyopitiwa na moto. Maua pia.

Nimekaa chini ya mti mmoja muda mrefu. Kuna mdudu mwembamba, miguu kama ya mbu. Anadunga chipukizi, anafyonza, anahamia jingine. Wako wengi. Hakuna wa kuwagusa.

Kwa Mama Somoe nimeona maji moto watatu wakimburuta mdudu wa aina hiyo juu ya kamba. Mikorosho yake imejaa maua.

Nilijua haya. Shuleni nilichora mmea, anayekula mmea, anayemla huyo, na wale wadogo wa udongoni wanaorudisha wote ardhini. Mishale niliipiga kwa rula. Mwalimu alitundika mchoro ukutani. Kisha nimekuja huku nikafuta kundi moja kwa kalamu, na kundi jingine limekula mavuno ya kijiji kizima.

Jumapili, 24 Agosti
Hata kanisani wananong'ona. Eti kamba zinavuta korosho za kijiji ziende kwa Mama Somoe. Uchawi. Katibu hatamki uchawi. Anasema hujuma. Hilo ni baya zaidi, maana hujuma inafunguliwa faili.

Nakala ya ripoti yangu ninayo sandukuni. Ina saini yangu. Nikiitoa, Mama Somoe atapona na mhujumu nitakuwa mimi. Mama yangu kule nyumbani Masasi, Mkomaindo, hana mwingine. Najiambia hivyo. Ukweli ni kwamba naogopa.

Alhamisi, 4 Septemba
Mkutano. Mama Somoe amesimamishwa mbele. Katibu akauliza kamba ni za nini.

"Za maji moto, Katibu. Nawe ukitaka kupita huko juu, nitakufungia nene."

Watu walicheka. Kicheko hicho kimemponza. Akaeleza, vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: mti unawapa maji moto nyumba, nao wanawala wanaoufyonza. Ukiwachoma umeufukuzia mti walinzi. Kisha akanigeukia. "Karani amesoma. Mwulizeni kama nasema uongo."

Wote wakaniangalia. Katibu pia.

Nikasema, "Mimi naandika tu, Mama."

Uamuzi: mikorosho yake iwe ya kijiji. Kamba zikatwe, viota vichomwe. Yeye ahamie kwa kaka yake huko Nanganga. Nimeandika yote. Mwandiko umenyooka kama siku zote. Najichukia kwa hilo.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimeandika barua ya kwenda wilayani. Kurasa mbili. Wadudu, mikorosho, pendekezo langu. Nimeisoma mara tatu.

Nimeichana.

Kutoka dirishani naona moshi nyuma ya nyumba yake. Mwakani mikorosho hiyo nayo itakuwa myeusi. Mwoga mimi. Sina neno jingine.

Jumatatu, 8 Septemba
Lori limefika saa tatu. Nimekwenda kusaidia kupakia. Shikamoo yangu imeitikiwa marahaba, kama siku zote. Hajui.

Binti yake Somoe alikuwa anafunga vyungu. Mama Somoe akanivuta pembeni. Hajui kusoma wala kuandika. Ameomba nimwandikie kaka yake barua, aingie nayo mkononi, asije akadhani dada yake ameiba.

"Mweleze vizuri, mwanangu, kwa nini wamenitoa."

Nimeandika nikiegemeza karatasi ubavuni mwa lori. Dada yako anahamia kwako kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji. Mpokee. Nikaweka tarehe. Nafasi iliyobaki chini ilikuwa kubwa. Nikaikunja barua.

Ameifunga kwenye pindo la kanga. "Ahsante, mwanangu. Umenisaidia."

Lori limeondoka polepole, barabara ni mchanga mtupu.