Nilivyojitoa Kwenye Utafiti wa Kutembea

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mchumba wangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie ukiwa mzima. Kile kikohozi kimekuacha? Unalala vya kutosha? Na yule kijana aliyekuiba wakati mimi babu yako bado najipanga, naye hajambo? Mwambie sijamsamehe, ila ale vizuri.

Sisi huku tupo. Goti langu linalia likitaka, sikio moja limestaafu, meno yaliyobaki yanaelewana. Mke mwenzio, bibi yako, hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako kuandika. Nasikia mama yako amekupigia simu kusema babu kafukuzwa kwenye utafiti kwa utovu wa adabu. Uongo mtupu. Nimejitoa mwenyewe. Utovu wa adabu ulikuwepo, lakini ulitangulia.

Si wewe uliyetusihi tujiandikishe pale zahanati, baada ya kile kiharusi kidogo kumwachia bibi yako mguu mzito wa kushoto? Wale watafiti walitaka kujua kama wazee wenye presha wakitembea kwa kikundi kila asubuhi, presha itashuka kuliko ya wale wanaoachwa waishi kama kawaida. Walitusomea karatasi mpaka nikasinzia, tukakubali, tukatia sahihi.

Sasa kuna binti muuguzi pale, mpole, anaandika kila neno. Akaniuliza, "Mzee, na huyu mama mnaishi nyumba moja?" Bibi yako alikuwa amenuna tangu asubuhi kwa ajili ya chai niliyoimwaga. Nikajibu, "Huyu? Jirani tu, anapenda kunifuatafuata." Naye badala ya kunisahihisha akasema, "Jirani mwenyewe hata simjui vizuri." Binti akaandika! Kumbe mume na mke hupangwa kundi moja, na majirani kila mtu na kura yake. Kompyuta ikampeleka bibi yako kutembea, mimi ikaniacha kundi la kawaida.

Sikufichi, kwanza nilifurahi. Nani mwingine amewahi kuambiwa na wataalamu abaki vilevile alivyo?

Bibi yako akaenda uwanja wa shule asubuhi ya kwanza, akaenda ya pili. Ya tatu akavua viatu mlangoni, akarudi kukaa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mguu unaburuta, wenzake wanamsubiri, na yeye hajazoea kusubiriwa. "Nitamshika nani mkono pale? Nikianguka watanihurumia." Nikamwambia mimi ningemcheka. "Wewe utanicheka," akasema, "lakini utakuwa umeshaniinua."

Mchumba, nimeishi na mwanamke huyo tangu nikiwa na nywele, na hajawahi kunisifu hivyo. Nikaingia chumbani kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Daktari alishatuambia waziwazi: mguu usipotembezwa utasahau kazi yake, na kiharusi cha pili hakipigi hodi. Bibi yako yuko kwenye kiti cha dirishani, presha inapanda, na mimi eti naishi kama kawaida. Kawaida gani hiyo?

Nikaenda zahanati. "Mwanangu," nikamwambia binti, "yule jirani ni mke wangu." Kalamu ikasimama. "Tangu lini, mzee?" "Tangu kabla mama yako hajazaliwa." Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta, kisha akavaa uso wa kazi. Hawezi kunihamisha kundi, kura ni kura. Na nikitembea huku nimeandikwa nimetulia, majibu yao yatakuwa ya uongo, na wazee wengine watashauriwa kwa uongo huo. Hapo nikaona aibu kidogo, si nyingi. Lakini ile karatasi ilisema mtu anaweza kujitoa wakati wowote. Nikajitoa. Wakarekebisha maelezo ya bibi yako, yeye akabaki, wakamruhusu aje na mtu wa kumshika mkono.

Nilisikitika, usidhani. Kule nilikuwa naitwa mshiriki. Nyumbani naitwa "we mzee".

Nikafungua sanduku langu la ufundi wa viatu, nikamkwangulia soli ya kiatu cha kushoto pale mbele ili isikwae. Akavaa, akasema kinambana. Hakimbani. Ndivyo anavyosema asante.

Sasa tunazunguka uwanja kila asubuhi. Wenzake wananiita Mkongojo. Presha inashuka polepole, ingawa binti ananikataza kutangaza ushindi kabla utafiti haujaisha.

Juzi, tukiwa kona ya mbali, bibi yako akasikia wanawake walio mbele wakianza umbeya wa nguvu. Akaniachia mkono. Hakuaga, aliongeza mwendo tu, mguu ukamfuata, akawafikia. Nikabaki nyuma peke yangu, mkono bado umekunjwa kama wa birika, na sikuushusha mpaka alipogeuka kutazama kama naja.

Wasalimie mapacha wenu, uwabane mashavu kwa niaba yangu. Msalimie na yule mwizi. Mama yako anakusalimu, mjomba wako Kichwangumu pia, na bibi yako anasema uvae kitu kizito kifuani. Mungu akutunze, miguu yako isipungukiwe njia, wala mkono wako mtu wa kuegemea.

Ni mimi mumeo wa kwanza, nikupendaye bila kuombwa,

Babu