Mstari Uliolala

Kituo cha Utafiti,
Nje ya mji, Iringa.
Septemba 1978

Kaka yangu Bujiku,

Pokea salamu zangu, umgawie kila mtu hapo nyumbani: shemeji, watoto, na Regina mke wangu niliyekuachia umtunze. Miguu yako bado inavimba? Ng'ombe wanapata maji huko Usangu? Mimi ukiniona utasema ni mzima.

Uliniuliza hawa ninaowafanyia kazi wanafanya nini na sungura. Usicheke. Daktari Liberatus humlaza sungura kwa dawa, humfungua kifua, hufunga kwa uzi mshipa unaolisha moyo, kisha humshona. Sehemu iliyokosa damu hufa. Zamani, ili ajue imekufa kiasi gani, ilibidi amuue sungura na kukata moyo vipande. Sasa ipo mashine. Wanamnyoa kifuani, wanampaka mafuta mazito, wanamgusa na kitu kama ncha ya mwiko, na moyo unajichora kwenye kioo kidogo, mistari ikicheza. Palipokufa, mstari umelala. Sungura anarudi kwenye banda lake bila jeraha jipya.

Mimi nabeba pumba, maji na majani, kwa hiyo nawaona wakirudi. Aliyefungwa mshipa hujitenga, masikio ya baridi, pumzi fupi. Wa kwanza niliyemwona hivyo alinikumbusha baba. Wewe mwenyewe uliniandikia: aliweka jembe kwenye majaruba ya mpunga, akatoka jasho jua likiwa bado baridi, akashika kifua, na kabla ya chakula cha mchana amekwisha. Nilimuuliza Daktari. Akasema kwa mtu mshipa huo huziba wenyewe, bila uzi na bila mkono wa mtu.

Lakini wewe, kaka, ulileta mganga. Akapasua kuku, akatazama ndani, akamtaja mama mdogo Nyamizi, mke mdogo wa baba. Mkachoma nyumba yake. Mwezi wa Juni nilitumwa upande wa Mbeya, nikamkuta sokoni Mbalizi akipepeta mchele wa watu. Nilipomsogelea alijifunika uso kwa kanga. "Kaa mbali, mwanangu," alisema, "nisije nikakuloga na wewe." Akacheka peke yake. Kisha akaniuliza kama kaburi la mume wake linapaliliwa.

Sungura hawa wana aliyewadhuru. Namjua, na koti lake nalifua mimi. Baba hakuwa naye.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Regina hajui. Asubuhi moja mashine ilirudi kutoka kutengenezwa, wakataka kuijaribu kwa mtu kwanza. Nikachaguliwa mimi kwa sababu ya wembamba wangu. Wenzangu wakasema ninyolewe vizuri, halafu nipewe karoti. Tulikuwa tunacheka wote, mpaka Daktari akasogeza uso karibu na kioo.

"Nyanda, umewahi kuugua kifua?"

Nikamwambia mwaka jana, wakati wa palizi, nililala siku mbili nikidhani ni kichomi. Akanigeuzia kioo. Ukuta mmoja wa moyo wangu ulikuwa unacheza, na wa pili mstari umelala. Kwa kuwa nimewatazama sungura wengi, hakuhitaji kunieleza. Alinipeleka hospitali, wakanipa vidonge na kunikataza mizigo. Jumatatu nikarudi kazini, kwani kazi nyingine hapa hakuna. Sungura mwenye moyo kama wangu hutandikiwa majani laini ya kulalia. Anayembebea hayo majani ni mimi.

Nitaanguka, kaka, huku au njiani. Nawe nakujua, utatafuta mtu. Regina yuko mikononi mwako na kwao ni mbali, hakuna wa kumtetea. Ndiyo maana naandika ningali hai: hakuna aliyeniloga. Isome barua hii mbele ya wazee, Regina akiwepo, kisha umpe aitunze mwenyewe. Nikifa, asiguswe, wala nyumba yake, wala watoto. Na kama huwezi kuzika bila kumlaumu mtu, nilaumu mimi niliyekatazwa kubeba nikabeba.

Mama mdogo Nyamizi mfuate Mbalizi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mjengee palepale mlipochoma.

Wasalimu majirani na wote wanaoniulizia. Usiniandikie kwamba umenisikia. Niandikie mama mdogo akishalala kwake.

Ni mimi mdogo wako,
Nyanda